Tulipoungana na Enoch Barfoot

Mimi ni Keziah Whitted, mjane wa Asbury Whitted, aliyekuwa fundi wa magurudumu. Tangu siku tuliyooana nilimwita mume wangu "Bwana Whitted", hata tukiwa wawili chumbani, kwa sababu nje ya mlango wetu hapakuwa na mzungu hata mmoja katika wilaya ya Gaskin ambaye angemwita hivyo. Walimwita Asbury tu, kama wanavyoita mbwa au mtoto. Alipoanza kuota mvi wakamwita "mjomba", wakidhani wanamheshimu. Nikasema, angalau mtu mmoja katika Carolina hii atamwita mume wangu bwana, na mtu huyo nitakuwa mimi.

Enoch Barfoot alikuja kwetu mwezi wa pili mwaka 1894, gurudumu la gari lake limevunjika, nyumbu wake amechoka kuliko yeye. Alikuwa mzungu maskini, mrefu, mwembamba, vidole vimepasuka kwa pamba. Mwaka ule pamba haikuwa na bei. Mkulima alilima, akavuna, akapeleka kinuni, akarudi nyumbani na kamba alizofungia marobota. Wazungu maskini walikuwa wameanzisha chama chao, Chama cha Wakulima, na Enoch alikuwa mmoja wao. Sisi weusi tulikuwa na chama chetu tangu watu wetu walipotoka utumwani. Na wote wawili tulikuwa tumekaliwa kichwani na chama cha mabwana, wenye vinu na benki na mashamba makubwa.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Wao peke yao hawakutosha kuwaondoa mabwana. Sisi peke yetu hatukutosha. Kura zetu zikiwekwa pamoja, zinatosha na kubaki. Wakubwa wa vyama viwili wakakubaliana huko juu, wakauita mpango huo Muungano, kisha wakatuachia sisi wa chini tutafute namna ya kutazamana usoni.

Enoch alikaa juu ya gogo karakanani akisubiri gurudumu, kofia mkononi.

"Asbury," akasema, "mimi sikupendi wala sikuchukii. Lakini njaa yangu na njaa yako ni njaa moja."

Mume wangu akacheka. "Nimesikia mahubiri mengi yenye ukweli mdogo kuliko huo, Bwana Enoch."

Alipoondoka nilitoka jikoni na bakuli langu la kunde nilizokuwa nikizichambua. "Na akishiba je, Bwana Whitted?"

"Akishiba nini?"

"Njaa yenu ni moja, nimesikia. Nauliza shibe."

"Kizzy," akasema, "wewe ungekuwepo siku ya kuumbwa dunia ungeuliza itaisha lini."

Baada ya hapo Enoch akawa anakuja kila wiki. Alichaguliwa kusema kwenye mikutano ya wakulima, na kila wiki walimletea karatasi iliyopigwa chapa. Kila wiki alimpa mume wangu ile karatasi. "Nisomee, Asbury. Macho yangu mabaya siku hizi." Mara ya kwanza mume wangu alimsomea. Mara ya pili alimsomea. Mara ya tatu aliweka karatasi chini.

"Bwana Enoch, macho yako yanamwona sungura ng'ambo ya shamba. Funga huo mlango, keti, nikufundishe. Hakuna atakayejua."

Yule mtu akawa mwekundu mpaka masikioni. Nilidhani atainuka amtukane. Akainuka, akafunga mlango, akaketi.

Walisoma mwaka ule wote. Mume wangu aliandika herufi kwa chaki juu ya mbao, kazi yake ikiendelea mkononi, na Enoch alisoma kwa sauti akiwa ameshika goti kama mtu anayeng'olewa jino. Akikwama kwenye neno refu alinyamaza, akainua kidevu kumwelekea mume wangu. Mume wangu alimpa lile neno bila hata kuinua uso kutoka kwenye kazi, na Enoch akalishika akaenda nalo. Nililiona jambo hilo mara mia.

Na alikula kwangu. Kwanza nilimpelekea sahani karakanani. Baadaye mvua zilikuwa kubwa, paa la karakana linavuja, nikamwambia aingie jikoni. Alikula mezani kwangu mara kumi na moja. Sukuma wiki niliyoipika na mfupa wa nguruwe wa moshi, mkate wa mahindi, viazi vitamu. Mara ya kwanza aliketi upande, kama mtu anayetaka kukimbia.

"Keziah, watu wangu wakiniona hapa!"

"Wakikuona watajua kwa nini hunenepi kwako."

Akacheka mpaka akapaliwa. Nitasema kweli, maana nimezeeka na sina wa kumficha: nilimpenda yule mtu. Alikuwa mcheshi, alikuwa na aibu, alimsifia mume wangu kazi ya mikono yake. Ningekuwa nimemchukia tangu mwanzo, nisingekuwa na habari ya kusimulia.

Tulishinda. Mwaka ule wa tisini na nne tulishinda jimbo zima, na tisini na sita tukashinda tena. Enoch aliingia kwenye baraza la wilaya. Mume wangu aliteuliwa hakimu wa mtaa. Shule ya watoto wetu iliyokuwa ikifunguliwa miezi miwili kwa mwaka ikafunguliwa minne. Sitakaa hapa niseme Muungano haukuleta kitu. Uliniletea siku moja ya mwezi wa tano ambayo nilimwona mume wangu, koti limepigwa pasi, ameketi nyuma ya meza, na mbele yake wazungu wawili wakigombania nguruwe jike. Aliamua kesi ile kwa haki, wote wawili wakaondoka wamenuna. Nilitembea kurudi nyumbani, miguu yangu sikuisikia.

Mabwana nao hawakulala. Mwaka wa tisini na nane walianza na magazeti. Kila asubuhi picha: mtu mweusi mwenye mbawa za popo, mtu mweusi mwenye kucha, chini yake mwanamke wa kizungu analia. Hawakusema neno juu ya bei ya pamba. Walisema hakimu mweusi leo, mkwe mweusi kesho. Wale wakulima waliokuwa na njaa moja na sisi wakaanza kusoma magazeti hayo, na Enoch akawa miongoni mwao, maana sasa alijua kusoma.

Na walimbana, sikatai. Thaddeus Rook, mwenye kinu cha pamba, alikataa kuchambua pamba yake. Mke wa Enoch, Orpha, akiketi kanisani benchi zima lilihama. Enoch alikuja kwetu mwezi wa tisa, mchana, akasimama mlangoni mwa jikoni. Nilimvutia kiti. Hakuketi.

"Asbury, nimezungumza nao. Wanachokipigia kelele ni hicho kiti chako tu. Ukijiuzulu uhakimu kwa hiari yako, watakosa la kusema. Muungano utapona."

"Ni nani waliokuambia?" mume wangu akauliza.

"Watu."

Mimi nilikuwa nakanda unga. "Na wewe utaacha kiti chako lini, Bwana Enoch?"

Akanitazama kama niliyemtemea mate. "Mimi siye wanayempigia kelele, Keziah."

"Basi wewe huna shida."

"Kizzy," mume wangu akasema.

Nikarudi kwenye unga wangu. Mume wangu alifikiri siku mbili. Alikula kidogo, alifanya kazi sana. Siku ya tatu akaniambia kwamba kiti kimoja si kitu, kwamba shule ya miezi minne ni bora kuliko kiti, na kwamba dhoruba ikipita mti ulioinama husimama tena.

"Sina ugomvi na kuinama," nikamwambia. "Nauliza tu kwa nini anayeinama ni mmoja siku zote."

Akaandika barua ya kujiuzulu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, hata karani wa wilaya hakuwa na mwandiko kama ule. Enoch aliibeba mwenyewe kuipeleka.

Jumamosi kabla ya siku ya kura nilikuwa naanika nguo, jua la saa sita. Nikasikia farasi. Walikuja kwenye mtaa wetu zaidi ya sitini, kila mmoja na shati jekundu na bunduki magotini. Hawakukimbia, walitembea polepole ili tuhesabu. Watu wetu wakaingia ndani, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Mimi sikuingia; shuka lilikuwa mikononi mwangu limeloa, nikalishika tu. Mume wangu alitoka karakanani na tezo yake, akasimama mlangoni.

Enoch Barfoot alikuwa kwenye safu ya tatu. Wengine walipanda farasi, yeye alipanda yule nyumbu. Shati lake lilikuwa jipya, mikono mifupi, limeshonwa na Orpha. Niliijua ile mishono yake mikubwa. Alikuwa akiyatazama masikio ya nyumbu kana kwamba yameandikwa kitu.

"Mjomba Asbury!" mmoja akapaza sauti. "Jumanne ukae nyumbani umkandie mkeo unga!"

"Au kalale msituni na ndugu zako!" akasema mwingine, na wote wakacheka.

Enoch hakucheka. Watu wengi wameniambia nimhesabie hilo kuwa wema. Sijalihesabu.

Jumanne hakuna mtu wa mtaa wetu aliyepiga kura. Alhamisi yake, kule Wilmington, wenye bunduki waliingia mitaani mchana kweupe, wakaua watu wetu, wakaifukuza serikali ya mji na kuketi wao. Hakuna aliyeshitakiwa. Hapo tukajua kwamba hata barua ya mume wangu isingeandikwa, mwisho ungekuwa ule ule, ila tungefika hapo yeye akiwa bado ameketi kwenye kiti chake.

Baada ya hapo mabwana walikuwa na jimbo lote, wakabadilisha sheria. Atakaye kuandikishwa kupiga kura lazima asome na kuandika kifungu chochote cha katiba. Lakini mtu ambaye yeye au babu yake alikuwa na haki ya kura kabla ya mwaka sitini na saba, huyo asiulizwe. Kabla ya mwaka huo babu zetu hawakuwa na haki hiyo. Babu yake Enoch alikuwa nayo.

Mwaka 1902 tukasikia nani ameteuliwa msajili wa wapiga kura wa mtaa wetu. Rook alikuwa amempa Enoch zawadi yake.

"Usiende," nikamwambia mume wangu.

"Mimi najua kusoma, Kizzy. Sheria inasema asome. Nitasoma."

"Sheria imeandikwa ili usipite."

"Basi na waniambie usoni."

Nikaenda naye. Usajili ulikuwa katika duka la mbegu. Wanawake hawakuwa na kazi humo, kwa hiyo nilisimama nje kwenye dirisha lililo wazi, nikawa namwona Enoch nyuma ya meza na daftari kubwa. Alikuwa amenenepa kidogo. Nyuma yake alikaa Thaddeus Rook na wengine wawili, wanatafuna karanga. Mbele ya mume wangu kulikuwa na kijana wa kizungu aliyetia alama ya msalaba badala ya jina. Enoch akamwandika bila kumuuliza neno.

Mume wangu akavua kofia. "Habari za asubuhi, Bwana Enoch."

 Enoch alifungua kitabu cha katiba, akakisukuma mezani, akaweka kidole. "Hapo."

Mume wangu akasoma. Alisoma kama alivyokuwa akisoma kanisani, taratibu, kila neno na mahali pake. Kifungu kilisema hakuna mtu wala kundi la watu lenye haki ya kupewa masurufu au upendeleo wa peke yake mbali na jamii. Hicho ndicho kifungu walichompa. Sijui kama Enoch alikichagua au kidole chake kilianguka tu.

Alipomaliza alikiweka kitabu chini. Rook akatema ganda la karanga.

"Amesoma vibaya," Rook akasema. "Sivyo, Enoch? Mimi sikuelewa kitu. Hebu msomee wewe, mjomba asikie inavyosomwa."

Wenzake wakatabasamu. Enoch akakivuta kitabu. Akakohoa.

"Hakuna mtu," akaanza, "wala kundi la watu lenye haki ya kupewa ma... mas..."

Akakwama. Na akainua kidevu. Hakumtazama Rook, wala hakurudi kwenye herufi. Alimtazama mume wangu.

"Masurufu," mume wangu akasema, kwa upole, kama anayempa mtu chumvi.

"Masurufu," Enoch akasema, akaendelea hadi mwisho.

Mmoja wa wale watafuna karanga akaangua kicheko, kisha akakikata. Shingo ya Enoch ilikuwa imeiva. Rook hakucheka. Aliinama mbele, akagonga daftari kwa kidole. "Umesikia, mjomba? Hivyo ndivyo inavyosomwa. Andika, Enoch."

Enoch akachovya kalamu, akaandika. Kutoka dirishani sikuweza kusoma alichoandika, lakini niliona neno lilikuwa fupi.

Mume wangu akavaa kofia. "Siku njema, Bwana Enoch."

Tulitembea maili nzima. Mwishowe sikuweza kujizuia.

"Kwa nini ulimpa lile neno?"

"Aliniomba."

"Alikuomba! Angekwama! Ungemwacha akwame mbele yao wote, Bwana Whitted, wamwone alivyo!"

"Wanamjua alivyo. Ndiyo maana walimchagua." Akatembea hatua chache. "Ni mazoea, Kizzy. Mdomo ulitangulia."

Wiki iliyofuata nilikuta kwenye ngazi ya jikoni paja zima la nguruwe wa moshi, limefungwa kwa kitambaa safi. Hakukuwa na barua. Aliyefundishwa kuandika hakuacha hata herufi moja. Nilitaka kulitupia mbwa.

"Lipike," mume wangu akasema.

"Siwezi kupika aibu ya mtu mwingine."

"Nyama haijampigia mtu kura. Lipike."

Nikapika. Yeye alikula. Mimi nilikula mkate mkavu kwa muda wa siku tisa mpaka lile paja likaisha, na alinitazama nikila mkate mkavu, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Mume wangu alirudi kujiandikisha mwaka 1904, 1906 na 1908. Kila mara msajili alikuwa mwingine, maana Enoch hawakumrudisha. Nadhani Rook hakusahau lile neno. Kila mara alisoma vizuri, na kila mara alisoma vibaya. Mara moja walimwambia aandike, akaandika, wakasema mwandiko umepambwa mno. Alirudi nyumbani akanisimulia huku akicheka, nami nikavunja sahani.

Mabwana walipomaliza nasi waliwageukia wenzao. Sheria ile ile ilikuwa na kodi ya kichwa ndani yake, na mzungu asiyelipa hapigi kura hata babu yake angekuwa nani. Enoch hakuweza kulipa. Shamba lake nalo likaenda kwa Rook kwa deni, yeye akabaki juu yake kama mpangaji, analima pamba ya mtu mwingine. Niliposikia nilifurahi. Nilifurahi kuanzia kisimani mpaka mlangoni kwangu, ndoo ikiwa kichwani, kisha furaha ikaisha, ndoo ikawa ndoo.

Nilikutana naye mwaka 1910, mwezi wa kumi na moja, kwenye njia ya kwenda kwa mke wa daktari. Nilikuwa na kapu la nguo zao. Alikuwa anatembea, yule nyumbu alishakufa. Meno ya mbele hakuwa nayo. Hapakuwa na mtu mwingine njiani, na labda kwa sababu hiyo alisimama.

"Keziah."

"Bwana Enoch."

"Asbury yupo?"

"Yupo."

Akageuza kofia mikononi. "Nilikuwa sina njia, Keziah. Unajua mwenyewe. Walikuwa wamenifungia kila upande."

Miaka minane nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia. Niliyapanga nikifua, nikipiga pasi, nikiwa nimepiga magoti kanisani. Yalikuwa mengi, na mengine yalikuwa mazuri sana. Nikafungua mdomo yakatoka machache.

"Njia ulikuwa nayo. Ulikuwa unakula mezani kwangu. Ungeendelea kula."

Akainamisha kichwa. "Hilo lingeniua."

"Labda," nikasema. "Sisi lilituua."

Nikainua kapu langu nikaenda. Nilingoja kuhisi kitu. Nilikuwa nimekingoja muda mrefu. Njia ilibaki na urefu ule ule, na kapu likabaki zito vile vile, na mke wa daktari akaniambia nimechelewa.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mume wangu yote, neno kwa neno. Alikuwa kitini, kifua kimeanza kumsumbua. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya goti.

"Alikuwa mzima?" akauliza.

"Nini?"

"Enoch. Alionekana mzima wa afya?"

 Hasira iliyonipata siku ile sijawahi kuipata kwa Rook wala kwa watu wa mashati mekundu. Siku tatu sikumsemesha. Nilimwekea chakula, nilimfulia, nilimpa dawa yake ya kifua, na sikufungua mdomo. Yeye alisema "Asante, Kizzy" kila mara, kama kawaida. Siku ya nne nikamwambia viazi vinaungua, aondoe sufuria motoni, na maisha yakaendelea.

Alifariki mwezi wa pili uliofuata. Sasa nakaa Newark kwa binti yangu, mbali na wilaya ya Gaskin, na watu wakiniuliza mabwana walitunyang'anya nini, nawatajia: kura, kiti, miezi miwili ya shule. Zile siku tatu siwatajii. Hizo sikunyang'anywa na mtu. Nilizitoa mwenyewe, kwa ajili ya Enoch Barfoot.